Uwanja wa Nyasi Bandia Unaoanzia Mlangoni

Nilipoanza kuulizia bei ya nyasi bandia hapa Dar es Salaam, kila muuzaji alitaka kujua urefu wa eneo na upana wake, basi. Mmoja aliongeza kuuliza kama napenda kijani kibichi au kilichoiva. Hakuna aliyeuliza nani atacheza juu yake. Kwetu hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe, maana mwanangu, ambaye uwanja ulikuwa wake, hutembea kwa magurudumu. Ana mtindio wa ubongo. Mkono wake wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto, kiti mwendo chake ni cha magurudumu manne, na akichoka kukaa hupenda kushuka chini akatambaa. Mambo hayo matatu yaliamua karibu kila kitu kilichofuata, kuanzia kokoto hadi saa za kucheza. Nayaandika kwa ajili ya mzazi mwingine anayeutazama ua wake na kujiuliza kama inawezekana. Inawezekana. Ila fedha nyingi zitakwenda mahali ambapo mgeni hatapaona.

Shuleni kwake uwanja ni mchanga. Magurudumu madogo ya mbele huzama, kiti kinagoma, na mtoto anabaki pembeni akishangilia wenzake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 ya mkataba huo inamtaja waziwazi mtoto mwenye ulemavu: ashiriki michezo sawa na watoto wengine, shuleni pia. Mwaka uliofuata tukapata Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu. Tunaendelea kuidai haki hiyo shuleni, kwa barua na kwa vikao. Lakini utoto haungoji vikao, na nyuma ya nyumba yetu ya Goba palikuwa na eneo tupu.

Tulipima tukapata mita 14 kwa 8 bila kugusa mwembe wala shimo la maji taka. Ndani ya hapo viwanja viwili vinaenea. Cha kwanza ni cha bocha, mita 12.5 kwa 6. Cha pili ni cha badmintoni, mchezo wa kupiga kinyoya juu ya wavu, mita 13.40 kwa 6.10. Badmintoni niliitaka kwa sababu dada zake wanaipenda, na kwa sababu wachezaji wa viti mwendo nao wanaicheza. Iliingia kwenye Paralimpiki kwenye michezo ya Tokyo. Bocha ndiyo ya kwake.

Wengi waliotutembelea hawakuwa wameusikia mchezo huu, kwa hiyo nauelezea kidogo. Ulianza kwa ajili ya watu wenye mtindio wa ubongo, umo kwenye Paralimpiki tangu 1984, na hauna mwenzake kwenye Olimpiki. Mpira mweupe hutangulia kurushwa. Kisha upande mmoja una mipira 6 myekundu, mwingine 6 ya bluu, na kila mmoja anajitahidi kuiweka yake karibu na ule mweupe kuliko mpinzani. Mpira una uzito wa gramu 275 hivi, umejazwa vitu vidogo vidogo kiasi kwamba haurukiruki. Unaweza kuurusha, kuuviringisha, hata kuupiga teke. Asiyeweza hata hayo hutumia mfereji wa kuuteremshia mpira, na msaidizi wake huupa uwanja mgongo muda wote: haruhusiwi kutazama, husikiliza tu maelekezo ya mchezaji na kusogeza mfereji anavyoambiwa. Kanuni hiyo naipenda sana. Katika maisha ya mwanangu, watu wenye miguu mizima wamezoea kuona kwa niaba yake na kuamua kwa niaba yake. Hapa sheria ya mchezo yenyewe inawageuza wautazame ukuta.

Mashindano rasmi huchezwa kwenye sakafu ngumu na laini, ndani ya ukumbi. Rafiki yangu mhandisi alinishauri nimwage zege tu, lipigwe msasa, mambo yaishe. Ushauri wake una mantiki: kiti mwendo huenda vizuri kabisa kwenye zege. Lakini mtoto anayetambaa huchunika magoti kwenye zege, na anayedondoka kutoka kitini huangukia kichwa. Tena watoto wa mtaa hawaji kucheza kwenye kibaraza. Huja penye nyasi. Nilitaka waje. Nyasi za kupandwa zinataka maji mengi kiangazi, na masika zinageuka tope linalomeza magurudumu. Ndipo tukabaki na nyasi bandia, tukijua kwamba mpira wa bocha utapungua mbio kidogo kuliko ukumbini.

Muuzaji wa kwanza alitutolea kapeti lenye nyasi za milimita 40. "Mama, hizi ndizo za viwanja vya mpira, kama unazoona Kaitaba na Nyamagana," alisema, na kweli zilikuwa nzuri, laini, za kumfanya mtu avue viatu. Nilimwomba atandike kipande sakafuni, mwanangu apite juu yake. Alisukuma mara moja, kiti kikajongea kidogo kikasimama.

"Mama, huku ni kama shuleni," akasema.

Nyasi ndefu hulala chini ya gurudumu na kulishika. Tulihama duka hadi tukapata zenye urefu wa milimita 15, zilizoshonwa kwa kubanana, na tukaomba kipande cha kutosha kiti kizima. Muuzaji wa pili alikuwa mvumilivu, Mungu ambariki. Hapo mwanangu aligundua kitu ambacho hakuna aliyekuwa ametueleza: akienda upande mmoja kiti kinateleza vizuri, akirudi kinamlemea. Nyasi bandia zina mlalo. Zimeinamia upande mmoja tangu kiwandani, na gurudumu linaujua mlalo huo kabla ya jicho kuuona. Mpira nao unaujua. Alichagua mwenyewe: zilale kuelekea mbali na nyumba, ili mipira yake isafiri, naye kurudi atarudi polepole. Kama kuna jambo moja ningemsihi mzazi alishike, ni hili la kumpeleka mtoto dukani, na kiti chake, hata kama mlango wa duka una ngazi na itabidi mbebe.

Muuzaji huyo huyo alitaka kutuuzia na godoro jembamba la sponji la kutandika chini. Kwa uwanja wa watoto wanaokimbia ni jambo jema. Kwa kiti mwendo ni mzigo, kwa sababu sponji hubonyea chini ya gurudumu, na gurudumu linakuwa linapanda kutoka kwenye kishimo chake kila linapozunguka. Mikono ndiyo inayolipa. Tuliliacha.

Sasa chini ya nyasi, ambako ndiko kazi ilikokuwa.

Juu ya ua wetu ni udongo wa kichanga, lakini ukichimba kidogo unakutana na mfinyanzi, na mfinyanzi haunywi maji. Tulichimba sentimita 20 kwenye eneo lote. Chini kabisa tulichimba mtaro mwembamba, tukalaza bomba lenye matundu linalopeleka maji kwenye shimo lililojazwa mawe karibu na ukuta. Juu ya mfinyanzi tukatandaza kile kitambaa kigumu cha plastiki kinachozuia udongo usipande kuchanganyika na kokoto. Kisha kokoto, sentimita 15. Kisha vumbi la mawe, sentimita 3 na nusu. Nyasi zenyewe zikamalizia.

Fundi alitaka kumwaga kokoto zote kwa mpigo na kupitisha kompekta juu. Ni fundi mzuri, ametujengea ukuta uliosimama imara, ila nyumba na uwanja ni kazi mbili. Mashine ndogo hushindilia sentimita chache za juu tu, za chini hubaki zimelegea, na masika ikija ndizo zinazotitia. Tuliafikiana tabaka la sentimita 5, maji kidogo, kompekta, tabaka jingine. Aliponiona nakaa pale na rula alicheka. "Dada, utaweka meli hapa?" Lakini siku tuliyofika kwenye vumbi la mawe alikuwa ameshaelewa, na ndiye aliyewakemea vijana wake walipotaka kuacha bonde dogo karibu na kona. Bonde ambalo mguu hauligundui, gurudumu dogo la mbele linaligeukia na kukipeleka kiti pembeni. Tulivuta rula ya alumini ya mita 3 pande zote, tukajaza kila palipopitisha mwanga chini yake.

Palipotuumiza kichwa ni mteremko. Uwanja wa nje unahitaji kuinama ili maji yaondoke, na mafundi wengi huweka asilimia 1 kwa upana. Kwetu ingekuwa sentimita 8 kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenye miguu hataona chochote. Mwenye kiti mwendo atavutwa upande wa chini safari nzima, na mkono wa upande huo ndio utakaofanya kazi ya ziada kukinyoosha kiti. Mwanangu akienda, mzigo ungeangukia mkono mmoja. Akigeuka kurudi, ungeangukia mwingine, na wa kushoto hauna nguvu hizo. Kuuinua uwanja katikati ili maji yaende pande zote kungeharibu bocha, kwa kuwa kila mpira ungekimbilia pembeni. Tukaamua uiname kwa urefu, nusu asilimia tu, sentimita 7 katika mita 14, kuelekea ukutani, na kazi iliyobaki waifanye matundu ya chini ya kapeti na zile kokoto. Leveli tulipima kwa mpira wa maji, kifaa cha kila fundi wa mtaani, na hakuna kilichotudanganya. Mvua kubwa ya Aprili ikipiga, maji husimama kidogo juu ya nyasi kisha yanapotea.

Kapeti huja kwa upana wa mita 4. Njia rahisi ni vipande viwili vya mita 14, kiungio kimoja katikati. Lakini katikati ndipo penye alama ya msalaba ya bocha, ndipo mipira mingi inapopita, na kiungio hata kikibandikwa vizuri mpira hukisikia. Tulichukua vipande vile vile viwili, tukapasua kimoja kwa urefu, tukapanga mita 2, mita 4, mita 2. Viungio vikawa viwili, ila vyote vikaangukia kwenye mistari inayotenganisha vyumba vya kurushia, yaani visanduku vilivyochorwa chini ambamo wachezaji hukaa wakirusha, kila kimoja kikiwa na upana wa mita 1. Kapeti halikuongezeka hata kidogo. Kilichotakiwa ni kuwa macho: vipande vyote vilale upande mmoja, kisigeuzwe kimoja. Viungio vilibandikwa kwa utepe mpana na gundi, bila misumari. Msumari ukichomoza unatoboa tairi, na tairi la kiti mwendo halipatikani kila duka la baiskeli.

Tuliujaza mchanga mkavu wa silika, kama kilo 15 kwa kila mita ya mraba, tukiusugua kwa ufagio mgumu hadi nyasi zikasimama wima na juu pakawa pagumu. Mchanga huo ndio unaolibeba gurudumu. Mtu mmoja alijitolea kutuletea wa ufukweni bure. Tulimshukuru tukakataa, kwa kuwa chumvi hutafuna beringi na vyuma vya kiti. Zile chembe nyeusi za matairi nazo hatukuzitaka. Zinashika joto, na anayesukuma magurudumu kwa mikono huishia kuwa nazo viganjani, na anayetambaa mdomoni. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha kanuni ya kuziondoa sokoni baada ya miaka 8 ya mpito, kwa sababu ya vipande vidogo vinavyosambaa kwenye udongo na maji.

Kisha njia. Kibaraza chetu kiko juu ya ardhi kwa sentimita 45. Fundi alikuwa tayari kumwaga zege la mita 2 na kuliita njia ya kiti, kama yale maderemko ya kupandishia pikipiki. Kipimo kinachokubalika ni sentimita 1 ya kupanda kwa kila 12 za kwenda, kwa hiyo tulihitaji mita 5.4, na chini yake sehemu bapa ya mita 1.5 kwa 1.5 ya kugeuzia. Ilikula nafasi ya maua ya mama mkwe. Nilimwendea kwa heshima, nikamweleza, akanyamaza, kisha akasema, "Mjukuu wangu atapita wapi sasa, hewani? Ng'oeni." Maua yapo kwenye ndoo za rangi, yamepangwa kando ya njia.

Ukingo wa uwanja tuliushusha ili zege na uso wa nyasi viwe sawasawa, bila kizingiti. Kimo cha nusu sentimita tu kinatosha kulikwamisha gurudumu dogo na kumtupa mtu mbele. Wavu wa chuma wa mfereji wa maji kule mwisho una nafasi nyembamba kuliko kidole, na vyuma vyake vimekatiza njia, havifuatani nayo. Geti dogo la kuingilia uani lilikuwa sentimita 70. Lilivunjwa, sasa ni 95.

Joto nalizungumza peke yake kwa sababu linaweza kumdhuru mtu. Nyasi za kweli hupoa kwa kutoa maji. Plastiki haina maji ya kutoa. Kwenye jua kali uso wake unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na miezi ya Desemba hadi Machi hapa kwetu hakuna mzaha. Aliyenifungua macho ni kijana wa jirani aliyevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda. Alipokuja kuuona uwanja alianza kwa kuinama na kuweka kiganja chini. "Dada, mimi miguu yangu ikiungua siambiwi," alisema. Akanieleza kwamba walioumia sehemu ya juu ya uti hawatoki jasho sawasawa chini ya pale walipoumia, mwili unakusanya joto na wao wanachelewa kujua. Tangu siku hiyo utaratibu ni mmoja kwa wote: kiganja kwanza. Asubuhi tunacheza hadi saa 3, jioni tunaanza saa 10. Kati ya hapo uwanja umefungwa. Kumwagia maji kunasaidia kwa muda mfupi tu, kisha joto linarudi. Tuliongeza neti ya kivuli, ile ya vitalu vya mboga, juu ya vyumba vya kurushia, kwa kuwa ndipo wachezaji wanapokaa muda mrefu wakisubiri zamu.

Mipira ya bocha ya dukani ni ghali na inaagizwa nje. Fundi viatu wa mtaani alitushonea seti moja ya ngozi, tukaipima kwenye mizani ya duka hadi uzito ukakaribiana. Kuna binti wa mtaa wa pili ambaye mikono yake haishiki. Yeye hutumia bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, limefungwa kwenye stuli. Mdogo wake ndiye msaidizi, na huuangalia ukuta kama kanuni inavyotaka, huku dada akiamuru: kushoto, kidogo, rudisha, hapo. Mwanangu amekuwa akimshinda. Siku hizi hamshindi kila siku, na hilo linamfanya afanye mazoezi hata mvua ikinyesha.

Matunzo si mengi. Tunafagia majani ya mwembe kabla hayajaoza, tunasugua nyasi kinyume cha mlalo wake pale zinapolala sana, hasa kwenye vyumba vya kurushia, na tunaongeza mchanga kidogo palipopungua. Viungio tunavikagua baada ya masika. Kona moja iliinuka mwaka wa pili, ikabandikwa upya.

Kinachobaki kiko nje ya geti. Mtaro wa mvua wa mtaa unapita mbele yetu, na daraja lake ni mbao mbili. Wanaokuja kwa miguu wanaruka. Yule binti hubebwa na baba yake, kiti kinafuata nyuma, na yule kijana wa bodaboda inabidi apige simu watu watoke kumvusha. Tumeongea na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tumekubaliana na majirani wawili kuchangia saruji na nondo, na fundi ameshachukua vipimo: mfuniko wa zege wa upana wa mita 1.5, usio na kizingiti upande wowote, wenye tundu la kusafishia mtaro. Kokoto zilizobaki kwenye uwanja zinatosha. Tunangoja vuli ipite, tumwage.